SOMO LA 14: MAJI YANAYOPENYA KATIKA UFA WA SAKAFU

Kila mmoja aweke daftari na kalamu karibu, maana leo tutapiga hesabu kidogo.

Somo letu linahusu nyumba. Mvua za masika zinapoanza, mwezi wa Machi, sakafu nyingi za saruji zenye ufa huanza kutoa maji. Mkeka huoza, na gunia la mahindi lililowekwa chini huota ukungu. Hilo si jambo dogo. Ukungu wa namna fulani hutoa sumu iitwayo sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kupika. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Basi kabla ya kazi nyingine yoyote, inua magunia yako. Yaweke juu ya chaga ya mbao, mbali kidogo na ukuta. Inua pia nyaya za umeme zilizolala sakafuni.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ni kweli. Lakini mtu anayekimbilia kuziba ufa wa sakafu kwa saruji, mara nyingi hupoteza fedha yake. Kwa nini? Kwa sababu ufa si chanzo cha maji. Ufa ni mlango tu. Ukifunga mlango mmoja, maji yatatafuta mwingine. Uliza kwanza: maji haya yanatoka wapi?

MAJI HUPANDAJE?

Tazama utambi wa taa. Ncha yake ya chini imo katika mafuta, lakini mafuta hupanda mpaka juu. Saruji nayo ina vitundu vidogo sana, visivyoonekana kwa macho. Ardhi ikilowa, maji hupanda katika vitundu hivyo. Penye ufa hupita upesi zaidi.

CHUNGUZA MAMBO MATATU

Kwanza, kausha sehemu moja ya sakafu kwa kitambaa. Tandika kipande cha nailoni, sentimita 50 kila upande, na ubandike kingo zote kwa utepe wa gundi. Kiache mpaka jioni ya kesho. Ukikifunua na kukuta maji upande wa chini, unyevu unatoka ardhini. Ukikuta matone juu yake tu, unyevu unatoka katika hewa, fungua madirisha.

Pili, kama una maji ya bomba, funga bomba zote, kisha tazama mita. Ikiendelea kuzunguka, kuna bomba linalovuja. Maji yakitoka hata wakati wa kiangazi, shuku bomba. Yakiwa na harufu mbaya, shuku shimo la choo. Usiyashike kwa mikono mitupu, mwite fundi.

Tatu, toka nje mvua inaponyesha. Tazama maji ya paa yanaangukia wapi.

HESABU YA PAA

Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba, huleta lita 1 ya maji. Tuseme paa lako lina urefu wa mita 8 na upana wa mita 6. Mara ngapi? 8 × 6 = 48. Mvua ya milimita 25 ikinyesha, 48 × 25 = 1,200. Hizo ni lita 1,200, yaani madebe 60 ya lita 20, kwa mvua moja tu. Kama paa halina mfereji, madebe hayo yote yanamwagwa kando ya msingi wako.

KAZI YA NJE

Anza huku. Funga mifereji kwenye paa, uyapeleke maji katika tangi au mbali na nyumba. Shindilia udongo kuzunguka kuta ili uteremke kwenda nje, sentimita 5 kwa kila mita 1, hadi kufikia mita 3. Maji yakitoka kwa jirani wa juu, chimba mtaro wa kuyageuza. Mtaro usiwe karibu na msingi, tena usiende chini kuliko msingi, usije ukaudhoofisha.

KAZI YA NDANI

Ngoja sakafu ikauke. Wakati huo, piga mstari wa penseli kwenye kila ncha ya ufa na uandike tarehe. Baada ya mwezi mmoja, ufa ukiwa umepita mistari hiyo, au sakafu ikiwa inazama, usizibe. Mwite fundi mwashi atazame msingi.

Kama ufa umetulia, uchimbe kwa tindo na nyundo, upana sentimita 2 na kina sentimita 3. Kinga macho. Futa vumbi lote, kisha lowesha kidogo. Changanya kipimo 1 cha saruji na vipimo 3 vya mchanga safi, kwa maji machache. Usishike saruji mbichi kwa mikono mitupu, maana huunguza ngozi. Shindilia kwa mwiko, ufunike kwa gunia bichi, na ulinyunyizie maji kwa siku 7.

Katika mabonde kama la Msimbazi, Dar es Salaam, maji ya ardhini hupanda karibu sana na uso wa ardhi wakati wa mvua. Huko saruji peke yake haitoshi. Fundi huenda akainua sakafu na kutandika nailoni nzito chini ya zege jipya.

Kumbukeni basi: yageuze maji kwanza, ufa uzibe baadaye.

MASWALI

1. Kwa nini tunasema ufa ni mlango tu?
2. Paa la mita 10 kwa mita 5 hupata lita ngapi, mvua ikiwa milimita 20?
3. Leo jioni izungukeni nyumba zenu. Andikeni sentensi tatu juu ya mahali maji ya paa yanapoangukia.

Kwaherini mpaka somo lijalo.