Je, Wajua? Karoti ina ndugu muuaji

Karoti, giligilani na bizari nyembamba ni mimea ya ukoo mmoja, na ukoo huo una ndugu wa porini wasiofaa kuchezewa. Karoti mwitu, iliyotoka Ulaya ikaenea Amerika Kaskazini, huko huitwa "Lesi ya Malkia Anne". Maua yake meupe hujipanga kama mwavuli, na mara nyingi katikati huwa na kiua kimoja cha rangi ya damu ya mzee. Husimuliwa kuwa ni tone la damu ya malkia aliyejichoma sindano akifuma lesi.

Hemloki, mmea wenye sumu iliyomuua mwanafalsafa Sokrates mjini Athens mwaka 399 K.K., inafanana mno na karoti mwitu. Tazama shina: la karoti mwitu lina vinyweleo, la hemloki ni laini, lina madoa ya zambarau, na majani yake yakipondwa hunuka panya.

Waingereza nao wana mmea wa ukoo huu walioupa jina "Mama Atakufa", eti mtoto akiuchuma, mamake hufa. Mmea wenyewe hauna neno. Huenda jina lilitungwa na akina mama, kuwaweka watoto mbali na hemloki.