Sura ya Sita: Kuamrisha Seva Ukiwa Mezani

Seva nzuri ni ile isiyotembelewa. Imefungiwa kwenye chumba chake chenye kiyoyozi, haina skrini wala kibodi, na mwezi mzima unaweza kupita bila mtu kushika kitasa cha mlango isipokuwa mfagiaji. Kazi zake hupangwa, hukaguliwa na kurekebishwa kutoka kwenye kompyuta nyingine, mara nyingi ileile ya mezani ambayo afisa TEHAMA anaandikia barua zake. Sura hii inaihusu kompyuta hiyo ya mezani: nini kisakinishwe ndani yake, kwa njia gani, na nini kiachwe.

Watu wa Usambara hawahitaji kuelezwa sana kwa nini. Kutoka Mombo kupanda Lushoto mjini ni kilomita zipatazo 33 za kona tupu, barabara imeng'ang'ania ubavu wa mlima, Soni ikiwa katikati. Kutoka mjini kwenda Mlalo au Mtae ni safari nyingine tena, na masika yakikolea haishangazi kusikia udongo umeshuka na kuziba njia. Mwenye mashine moja mjini, nyingine kwenye kituo cha afya ng'ambo ya bonde na ya tatu kwenye kituo cha data Dar es Salaam hawezi kuifuata kila moja ilipo. Akijaribu, wiki inamwishia kwenye Noah na bodaboda.

Njia za kuifikia seva iliyo mbali ni mbili. Moja inaleta picha: unafungua dirisha, ndani yake unaiona skrini nzima ya seva, ukisogeza kipanya chako na cha kule kinasogea. Nyingine inapeleka maagizo: programu iko kwako, menyu ziko kwako, kinachosafiri ni ombi fupi na jibu lake. Ile ya picha ndiyo inayopendwa, kwa sababu haidai ujifunze chochote. Mimi naihesabu kuwa mazoea mabaya. Picha inakula bando, na ukiwa Lukozi siku ya gulio, mnara umezidiwa na wanunuzi wa mboga, unabonyeza kitufe na kusubiri hadi unasahau ulichobonyeza. Baya zaidi, mtu akishazoea kukaa "ndani" ya seva anaanza kuitumia kama kompyuta yake: anafungulia humo barua pepe, anapakua ankara aliyotumiwa, anatafuta jibu la swali fulani mtandaoni. Kirusi hakihitaji mlango mwingine.

Mei 2019 Microsoft ilitoa kiraka cha dharura kwa kasoro iliyopewa jina la BlueKeep, iliyokuwa kwenye huduma hiyohiyo ya kuleta picha ya skrini. Kasoro ilikuwa nzito kiasi kwamba kiraka kilitolewa hata kwa Windows XP, mfumo ambao kampuni ilikwisha kuutelekeza tangu 2014. Ukiwa na seva ya Windows ambayo poti 3389 ya huduma hiyo imeachwa wazi kwa dunia nzima, ifunge leo kabla hujaendelea na ukurasa huu.

Sasa tuseme seva yako ni ya Windows na kompyuta yako ya mezani ni ya Windows. Microsoft ina mkusanyiko wa zana za kazi hii, unaojulikana kwa kifupi RSAT. Enzi za Windows 7 ulilazimika kutafuta kifurushi kinacholingana na toleo lako, ukisakinishe, halafu uwashe zana mojamoja. Na Windows 10 ilipokuja, kila sasisho kubwa lilikuwa likifuta kila kitu na kukurudisha mwanzo. Kero hiyo iliisha na toleo la 1809 la Oktoba 2018. Tangu hapo zana hizi ni vipengele vya hiari vya Windows yenyewe, unavichagua kwenye Mipangilio, navyo vinabaki hata mfumo ukisasishwa.

Kabla ya yote, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, usome toleo lako. Ikiwa ni Home, ishia hapo: RSAT inakubali Pro, Enterprise na Education tu. Kompyuta nyingi za dukani zinakuja na Home, na ofisi hugundua hilo fundi akiwa ameshafika. Ni jambo la kuliandika kwenye hati ya manunuzi, si la kulilalamikia baadaye.

Toleo likiwa sawa, fungua PowerShell kwa haki za msimamizi na uandike:

Get-WindowsCapability -Online -Name RSAT*

Orodha ndefu itashuka, kila zana na hali yake: ipo au haipo. Mafundi wengi huongeza amri ya pili na kuzisakinisha zote kwa mkupuo. Usifanye hivyo. Ofisi yenye kompyuta 20 na seva moja inahitaji zana ya watumiaji na kompyuta za Active Directory, ya sera za kundi, ya DNS na ya DHCP, basi. Zana usiyoijua matumizi yake ni menyu ya ziada ya kukosea, na siku kompyuta yako ikiibwa au ikiingiliwa, mwizi anakuta karakana kamili. Chagua unayoitaka kwa jina, uipe Add-WindowsCapability, subiri.

Ukiwa ofisini, huenda usubiri bure: kazi inakwama na kosa namba 0x800f0954. Namba hii imewatoa watu jasho, ilhali sababu yake ni nyepesi. Ofisi nyingi zimeelekeza kompyuta zake zichukue masasisho kutoka kwenye seva ya ndani badala ya Microsoft, ili kila mashine isipakue kitu kilekile kupitia mlango mmoja mwembamba. Ni mpango wenye busara, ila seva hiyo ya ndani kwa kawaida haina vipengele vya hiari. Kompyuta yako inaulizia zana mahali zisipokuwepo. Dawa iko kwenye kihariri cha sera za kundi, upande wa kompyuta, chini ya violezo vya utawala, sehemu ya Mfumo: kuna sera inayohusu usakinishaji na ukarabati wa vipengele vya hiari. Iwashe, na uruhusu vipengele hivyo vichukuliwe moja kwa moja kutoka Windows Update.

Pia kuna njia ya kusakinisha bila intaneti kabisa, kwa diski ya vipengele ambayo Microsoft inawapa wenye leseni za jumla. Aliyezoea mtandao wa kasi huiona ni ya kizamani. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika siku moja, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia. Siku kama hiyo kitu kilichoko ng'ambo hakikufikii, na seva yako inaweza kuharibika siku hiyohiyo. Nakala za usakinishaji zikae kwenye diski iliyoko kabatini kwako.

Jambo moja huwachanganya wageni wa kazi hii. Kuwa na zana hakukupi mamlaka. Unaweza kuifungua zana ya watumiaji, ukayaona majina yote ya ofisi, ukibadilisha nenosiri la mtu ukaambiwa huruhusiwi. Mamlaka yanatoka kwenye akaunti yako ndani ya seva, na ni vizuri uwe na akaunti mbili: ya kuandikia barua na kusomea habari, na nyingine yenye nguvu, inayoitwa tu wakati wa kazi. Zana nyingi za RSAT zinafunguka kwa akaunti nyingine ukibonyeza kitufe cha kulia huku umeshikilia Shift.

Upande wa Linux mambo ni mepesi zaidi. Mwaka 1995, Mfini Tatu Ylönen, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, alichoka na wizi wa manenosiri kwenye mtandao wa chuo. Wakati huo watu waliingia kwenye seva kwa Telnet, inayopeleka nenosiri waziwazi, na yeyote aliye njiani akalisoma. Akaandika SSH, ambamo kila kinachopita kimefichwa kwa hesabu. Tangu 2018 Windows 10 inakuja nayo, kwa hiyo huenda huhitaji kusakinisha kitu: fungua dirisha la amri na uandike ssh.

Waliozoea PuTTY ya Simon Tatham, ambayo imekuwepo tangu 1999, hawatakubali kuiacha kirahisi, nami sitawashurutisha. Ila waipate kwa mwenyewe, si kwenye tangazo la kwanza linalojitokeza wakitafuta jina lake, maana PuTTY bandia zenye virusi zimetangazwa hivyo mara nyingi. Tena wasiikalie nakala ya zamani. Aprili 2024 ilibainika kuwa matoleo ya 0.68 hadi 0.80 yalikuwa na kosa kwenye aina moja ya ufunguo, P-521, kiasi kwamba mwenye saini kama 60 hivi zilizotengenezwa kwa ufunguo huo angeweza kukokotoa ufunguo wa siri wenyewe. Aliyekuwa nao alitakiwa kuufuta na kutengeneza mwingine; kusasisha programu peke yake hakukutosha.

Mara ya kwanza unapoiita seva kwa SSH, inakuonyesha alama ya kidole chake, mfuatano wa herufi na tarakimu unaoanzia na SHA256, na kukuuliza kama unaitambua. Karibu kila mtu huandika ndiyo bila kusoma. Hapo ndipo mtu wa katikati angeweza kujifanya seva yako, ukampa nenosiri kwa mkono wako. Kazi ya kuhakiki ni dakika tatu za simu kwa aliye karibu na mashine, aliyeandikiwa amri moja kwenye karatasi:

"Shikamoo mama. Hapo baada ya nukta mbili kuna nini?"

"Marahaba. Kuna ka."

"Kubwa au ndogo, mama?"

"Ndogo. Halafu saba. Halafu kuna kimstari hiki cha kulala."

"Cha kulala au cha kuinama?"

Kwenye alama hizo hakuna kistari cha kulala, ni cha kuinama tu, na mama ataangalia tena. Ukishathibitisha mara moja, kompyuta yako inaikumbuka alama hiyo, na siku ikibadilika bila sababu itakugomea.

Ruhusa ya kuingia kwenye seva nayo iwe ya maandishi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa, na kama seva ina taarifa za wagonjwa au wanafunzi, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Fundi wa mkataba anayeendelea kubaki na ufunguo wa seva ya watu baada ya mkataba kwisha anacheza na moto, hata kama hana nia mbaya.

Tuje kwenye hatari ambayo vitabu vingi huiacha: mawasiliano kukatika katikati ya kazi. Umeanza kusasisha seva, imefika nusu, umeme unakatika Lushoto. Kwa kawaida kazi iliyoanzishwa ndani ya SSH hufa mstari ukifa, na seva inabaki nusu mpya nusu kuukuu. Ndiyo maana kazi yoyote ndefu inaanzishwa ndani ya tmux, programu inayokaa upande wa seva na kuishikilia kazi yako iwe umeunganishwa au hapana. Umeme ukirudi unaingia tena, unaandika tmux attach, unakuta ilikofika. Isakinishe kwenye kila seva ya Linux unayoisimamia, mapema.

Kubwa kuliko hiyo ni kujifungia nje. Unarekebisha ukuta wa moto wa seva au anwani ya ruta, unakosea mstari mmoja, na mstari huo ndio uliokuwa unakupitisha wewe: umekata tawi ulilokalia. Hakuna zana ya mezani itakayokufikisha tena. Ni kuwasha gari. Waliotengeneza vifaa wamelijua hilo zamani. Kwenye Ubuntu, amri ya netplan try inajaribu mpangilio mpya wa mtandao na kuurudisha wa zamani baada ya sekunde 120 usipouthibitisha. Kwenye ruta za MikroTik, ambazo mafundi wengi wetu huzisimamia kwa Winbox, kuna kitufe cha Safe Mode juu kushoto: ukishakibonyeza, mabadiliko yote yanabaki ya muda mpaka ukibonyeze tena. Mawasiliano yakikatika kabla ya hapo, ruta inajirudisha yenyewe ilivyokuwa, ingawa inaweza kukuchukua dakika 9 za kusubiri. Nimewaona mafundi stadi wanaokipuuza kitufe hicho kwa sababu wanajiamini. Seva za kawaida zisizo na utaratibu huo zinatengenezewa wa kwao: kabla hujagusa ukuta wa moto, panga kwa amri ya at kwamba baada ya dakika 10 ule mpangilio wa zamani urudishwe, kisha ufanye mabadiliko yako, yakikubali na bado umo ndani, unalifuta agizo.

Zana zote hizi zinadai seva iwe imewaka na mfumo wake endeshi uwe hai. Seva imezimika kabisa? Dell wanayo iDRAC na HPE wanayo iLO, kompyuta ndogo zilizomo ndani ya seva zenye waya wao wa mtandao, zinazokuruhusu kuiwasha na kuona skrini yake hata kama mfumo umekufa. Zinahitaji kupangwa siku seva inafungwa, zipewe nenosiri jipya badala ya lile la kiwandani, na zisiwekwe kamwe kwenye intaneti ya wazi. Seva za bei nafuu hazina kitu hicho. Kwa hizo, andika kwenye daftari la ofisi jina na namba ya simu ya mwenye ufunguo wa chumba, na ya msaidizi wake, maana wa kwanza atakuwa msibani Bumbuli siku utakapomhitaji.