Tovuti ya Halmashauri Ipimwe Kwanza kwa Simu

Ofisa TEHAMA wa Manispaa ya Bukoba au wa Halmashauri ya Muleba anayetaka kujua kama mtu asiyeona anaweza kuitumia tovuti yake, hana budi kuchagua kisoma skrini, yaani programu inayotamka kwa sauti maandishi na vitufe vilivyo kwenye kioo. Wataalamu wengi wa ng'ambo humshauri aanze na JAWS, programu kongwe ya maofisini Marekani. Kwa Kagera, nadhani ushauri huo umeanzia mwisho. Wananchi wengi hapa huingia intaneti kwa simu, tena ya Android, na nyingi ya simu hizo huja na kisoma skrini kiitwacho TalkBack. Basi TalkBack ndiyo itangulie, ifuate NVDA kwenye kompyuta. JAWS isubiri fedha zipatikane. NVDA ni ya bure: ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kijana wa Australia asiyeona, ilhali leseni ya kudumu ya JAWS kwa matumizi ya kazi inapita dola 1,000. Ni kweli kwamba utafiti wa WebAIM, shirika la Marekani linaloshughulikia ufikivu wa tovuti, wa 2023 na 2024 uliipa JAWS asilimia 40.5 ya waliotaja programu yao kuu ya kompyuta, NVDA ikapata 37.7. Lakini wengi wa waliojibu wanaishi Amerika Kaskazini na Ulaya, na tovuti ya Muleba haikutengenezwa kwa ajili yao.

Jambo linalosahaulika zaidi ni lugha. Kila ukurasa hubeba ndani yake tamko la lugha yake, na fundi aliyenakili kiolezo cha kigeni huenda akaliacha likisema «en». NVDA hulitii tamko hilo: hata ukiwa umechagua sauti ya Kiswahili, ambayo imo tayari ndani yake, itahamia ya Kiingereza, na «mikopo ya vijana» itatamkwa kizungu hadi isieleweke. Dawa yake ni kuandika «sw» mahali pa «en», kazi ya dakika moja. Kwenye simu, washa TalkBack, telezesha kidole kulia, kitu kimoja baada ya kingine, na usikilize: kitufe kisichopewa jina hutangazwa kuwa kitufe tu, bila kusema kinafanya nini. Kuhusu tangazo la kazi lililopigwa muhuri, likaskaniwa na kupandishwa kama picha, NVDA haitapata humo neno la kusoma, isipokuwa mtumiaji aiagize itambue maandishi yaliyo kwenye picha (OCR).

Atakayesema zipo programu za ukaguzi zinazofanya kazi hii zenyewe, amesema nusu ya kweli. Zitagundua picha isiyo na maelezo, lakini maelezo yakiwa «picha1» zinaweza kuyapitisha. Wengine watauliza wasioona ni wangapi hata tujisumbue. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haikuweka haki ya kupata habari kwa kuhesabu vichwa. Hoja nzito ni moja: ofisa anayeona hujisaidia kwa macho bila kujua, hata akizima kioo, maana mpangilio wa ukurasa anao kichwani. Ndiyo maana kipimo cha mwisho kifanywe na wasioona wenyewe. Bukoba ina Shule ya Msingi Mugeza Mseto, ambako watoto wasioona husoma, na waliopita shule kama hiyo wakazoea visoma skrini wanaweza kuifanya kazi hii vizuri. Halmashauri ziwaite, na malipo yao yawekwe kwenye bajeti kama zinavyowekwa posho za vikao.