Spika za studio: Krosova ipi inakula mtaji?

MFANYABIASHARA anayefikiria kutengeneza spika za monita kwa ajili ya studio za muziki hukutana mapema na swali ambalo mafundi hulijibu kwa masikio, ilhali yeye anapaswa kulijibu kwa daftari la hesabu. Swali lenyewe ni kama krosova iwe pasivu au aktivu. Jibu lake haliishii kwenye utamu wa sauti. Linaamua mtaji utalala wapi, kwenye shaba au kwenye amplifaya, na nani atabeba hasara siku kifaa kitakapoungua.

Monita ni spika anayoitumia fundi mitambo wa studio kusikiliza anachorekodi. Spika ya sebuleni inaruhusiwa kuupamba muziki kidogo. Monita inatakiwa iseme kweli. Nyingi huwa na wufa kwa sauti nzito na twita kwa sauti nyembamba, zote katika boksi moja, na krosova ndiyo inayogawa kazi ili kila moja ipate fungu lake.

Krosova pasivu hukaa baada ya amplifaya. Amplifaya moja hutoa muziki wote ukiwa na nguvu kamili, kisha koili za waya wa shaba na kapasita kubwa zinaugawa. Krosova aktivu hugawa kabla ya amplifaya, wakati umeme wa muziki ungali mdogo sana, halafu wufa inapewa amplifaya yake na twita yake. Hapo ndipo njia za gharama zinapoachana.

Chukua spika za omu 8 zinazogawanywa kwenye hezi 2,000, kwa mpangilio wa daraja la pili uitwao Linkwitz-Riley. Jina hilo ni la wahandisi wawili wa kampuni ya Hewlett-Packard, Siegfried Linkwitz na Russ Riley, na makala ya Linkwitz iliyoufanya ujulikane ilitoka mwaka 1976. Kwa njia ya pasivu, kila upande unahitaji koili ya milihenri 1.27 na kapasita ya maikrofaradi 5 hivi. Kwa njia ya aktivu, sakiti ndogo yenye rezista za kilo-omu 10 na kapasita za nanofaradi 8 zinatosha. Kapasita hiyo ni ndogo kuliko ile ya kwanza kwa zaidi ya mara 600, na koili haipo kabisa. Vifaa vya krosova aktivu kwa kweli ni vya senti. Kinachogharimu ni amplifaya zinazofuata.

Hesabu ya pasivu nayo haiishii hapo. Omu 8 iliyoandikwa mgongoni mwa wufa ni jina tu, kwani ukinzani wa wufa hupanda na kushuka kufuatana na sauti inayopigwa. Hivyo fundi hulazimika kuongeza rezista na kapasita nyingine za kuusawazisha, na kama twita ina sauti kubwa kuliko wufa, huongeza rezista za kuipunguza. Twita ikipunguzwa desibeli 3, nusu ya nguvu iliyoelekezwa kwake inageuka joto. Koili yenye ukinzani wa nusu omu mbele ya wufa ya omu 8 hula takriban asilimia 6 ya nguvu za amplifaya. Mteja amelipia nguvu hizo, lakini hazisikii.

Shaba yapandisha bei

Kwa boksi dogo lenye spika mbili, shaba si mzigo mkubwa. Koili ya milihenri 1.27 iliyosukwa kwa waya wa unene wa milimita moja, bila chuma ndani, hutumia karibu gramu 160 za shaba. Bei ya shaba katika Soko la Metali la London ilivuka dola 10,000 kwa tani mwezi Mei 2024, na kwa kipimo hicho shaba ghafi iliyomo kwenye koili hiyo haifiki hata dola 2.

Hali hubadilika mtengenezaji anapotaka boksi kubwa la spika tatu, ambamo wufa inakatwa kwenye hezi 300. Koili sasa inatakiwa kuwa ya milihenri 8.5, na ili ukinzani wake ubaki ule ule wa nusu omu, shaba haiongezeki mara saba kama koili yenyewe bali zaidi ya mara 17. Ni kama kilo 2.8 kwa koili moja. Shaba ghafi peke yake inakuwa dola 28, kabla ya kuvutwa kuwa waya, kupakwa vanishi na kulipwa anayeisuka, na jozi ya spika inahitaji mbili. Mwaka 1999, tani ya shaba iliposhuka chini ya dola 1,500, koili hiyo hiyo ilibeba shaba ya dola 4 na senti kidogo. Mtu aliyechora monita yake wakati huo na kuendelea kuitengeneza kwa mchoro ule ule ameona faida yake ikiyeyuka bila hata kubadili msumari.

Ipo njia ya mkato, nayo ni kutia kiini cha chuma ili waya upungue. Wengi huitumia. Tatizo ni kwamba chuma kikishiba sumaku, sauti kubwa ya besi huanza kupotoka, na kwa monita hilo ni kosa kubwa kuliko kwa spika ya baa.

Kwa wafanyabiashara wa Dar es Salaam kuna jambo la kushangaza kidogo hapa. Shaba ya Zambia na ya Kongo hupita mlangoni kwao ikielekea bandarini, kwa malori na kwa reli ya TAZARA, lakini koili zilizosukwa hurudi kutoka ng'ambo zikiwa zimefungwa kwenye maboksi ya karatasi.

Amplifaya nne badala ya mbili

Jozi ya monita za aktivu inahitaji amplifaya nne na vyanzo viwili vya umeme, kimoja kwa kila boksi. Anayelinganisha boksi na boksi ataona pasivu ni rahisi, lakini analinganisha vitu visivyolingana, kwa sababu mnunuzi wa pasivu bado ana safari ya kwenda kununua amplifaya. Mtengenezaji wa aktivu amechukua fedha hizo na kuziingiza katika bei yake. Kwa upande wa biashara, hiyo ndiyo sababu kubwa iliyovifanya viwanda vingi vihamie aktivu, ingawa matangazo huzungumzia sauti tu.

Aidha, amplifaya zenyewe zimeshuka bei. Chipu ya LM3886 ya kampuni ya National Semiconductor, ambayo mwaka 2011 ilinunuliwa na Texas Instruments, hutoa takriban wati 38 kwa spika ya omu 8 au 68 kwa omu 4, ikiwa ndani ya kipande kimoja kinachofungwa kwenye bati la kupozea. Kwa chipu za aina hiyo fundi alihitaji transfoma, na transfoma ni shaba na chuma, kwa hiyo gharama iliyofukuzwa mlangoni ilirudi kwa dirishani. Amplifaya za daraja D na vyanzo vya umeme vyepesi visivyo na transfoma nzito ndivyo vilivyoipunguza kweli.

Njia hizi mbili zilikutana sokoni mwaka mmoja. Mwaka 1978 Yamaha ya Japani ilitoa NS-10, spika ya pasivu iliyokusudiwa nyumbani ambayo baadaye ilienea katika studio za dunia nzima. Mwaka huo huo, katika mji mdogo wa Iisalmi nchini Finland, Ilpo Martikainen na Topi Partanen walianzisha Genelec. Bidhaa yao ya kwanza, S30, ilikuwa aktivu na ilitengenezwa kwa ajili ya shirika la utangazaji la nchi hiyo. Genelec imebaki kwenye aktivu tangu hapo. Haikuanza kwa kumshindania mnunuzi wa mtaani. Ilianza na mteja mmoja mkubwa aliyejua anachotaka, na mwekezaji mdogo asilipite hilo haraka.

Kuna gharama nyingine ambayo haionekani kwenye orodha ya vifaa, nayo ni muda wa kurekebisha. Kila badiliko kwenye krosova pasivu ni koili nyingine au kapasita nyingine ya kununua. Kwenye aktivu ni rezista ya bei ya pipi, na kwenye krosova ya kidijitali ni namba inayobadilishwa kwenye kompyuta. Baadhi ya watengenezaji huifanya kazi yote ya utafiti kwa njia ya kidijitali, na sauti ikishakubalika ndipo huichora kwa koili na kapasita za kuuzia. Ni busara ya mtu mwenye mtaji mdogo. Kipaza sauti cha kupimia na kompyuta ni lazima kwa vyovyote, kwani monita iliyorekebishwa kwa masikio matupu ni vigumu kuirudia katika jozi ya pili.

Umeme na fundi wa mtaani

Katika miji ambako umeme hupanda na kushuka, aktivu ina udhaifu wake. Chanzo cha umeme, amplifaya na krosova vyote vimo ndani ya boksi linalotetemeka na kupata joto. Sakiti moja ikiungua, spika nzima imekufa, na studio inasimama mpaka kipuri kipatikane. Spika ya pasivu huchomekwa kwenye amplifaya nyingine na kazi ikaendelea jioni ile ile. Anayeuza aktivu kwa dhamana ya mwaka mmoja hana budi kuweka kando sehemu ya bei ya kila jozi kwa ajili ya matengenezo, pamoja na sakiti za akiba. Asipofanya hivyo, anachokiita faida ni deni.

Ipo njia ya katikati ambayo haitangazwi sana: krosova aktivu na amplifaya nne zikae nje, katika kasha lake, na maboksi yabaki na spika na waya tu. Mteja anapata sauti ya aktivu, fundi anafikia sakiti bila kufungua boksi, na kilichoungua kinabadilishwa peke yake. Ubaya wake ni nyaya nyingi, na mteja akizikosea anaweza kuiunguza twita kwa dakika moja. Hata hivyo, kwa mtu anayeanza na jozi chache kwa mwezi, na ambaye seremala wake wa MDF yuko karibu kuliko muuza vipuri, mpango huu unabeba hatari ndogo kuliko zote. Kwa monita ndogo ya spika mbili inayouzwa kwa studio yenye amplifaya tayari, pasivu bado inashinda kwa bei. Kwa boksi la spika tatu, hesabu ya shaba peke yake inatosha kumfanya mtu aiache.

Waagizaji nao waangalie fungu la forodha kabla ya kulipa. Spika zilizomo kwenye boksi, spika tupu na amplifaya zote ziko kichwa cha 8518 lakini vifungu vidogo tofauti. Koili zimo 8504 na kapasita 8532. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una ngazi za asilimia 0, 10 na 25, na tangu Julai 2022 ipo ya 35. Mzigo wa vipande ukiandikwa kama bidhaa kamili unaweza kuifuta faida ya kuunganisha hapa nchini.

Linalobaki ni wufa zenyewe, ambazo hakuna krosova inayoweza kuzifidia zikikosekana. Yamaha iliacha kutengeneza NS-10 mwaka 2001, si kwa kukosa wanunuzi bali kwa sababu rojo la mbao lililofaa kwa karatasi nyeupe ya wufa yake halikupatikana tena. LS3/5A, monita ndogo iliyobuniwa na BBC na kutengenezwa kwa leseni na kampuni kadhaa za Uingereza, ilifika mwisho wa aina hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya KEF kuacha kutengeneza wufa na twita zake. Krosova zote mbili zilichorwa kwa ajili ya spika hizo na si nyingine. Mwenye mchoro wa pasivu akipotelewa na wufa hurudia kazi yote kuanzia koili ya kwanza, na koili zilizokwisha kusukwa huuzwa kwa kilo.