Ufadhili wa Mafunzo ya Seli Shina: Uliza Kwanza Fedha Ni za Nani

Kijana mwenye shahada ya uzamivu ya baiolojia anapowania nafasi ya mafunzo ya utafiti wa seli shina, kwanza hutazama sifa zake: alama, makala alizochapisha, barua za walimu. Zina uzito, lakini zinahesabiwa baadaye. Kinachoamua nani aingie kwenye foleni ni mfuko unaolipa, kwa sababu kila mfuko una mwenyewe, na mwenyewe ana masharti yake.

California inaonyesha hili vizuri. Agosti 2001 Rais George W. Bush aliamua kuwa fedha za serikali kuu ya Marekani zigharimie utafiti wa seli shina za viinitete vya binadamu kwa zile tu zilizokwisha kuzalishwa maabara kufikia tarehe hiyo. Maabara zilizotaka kutumia seli mpya zikalazimika kutenga vifaa: hadubini iliyonunuliwa na Washington huku, ya fedha binafsi kule. Mwanafunzi naye akawa katika hesabu hiyo hiyo. Kama posho yake ilitoka Washington, hakuruhusiwa kuzigusa seli mpya, hata kama zilikuwa meza ya pili.

Novemba 2004 wapiga kura wa California, takriban asilimia 59, walipitisha Pendekezo la 71 ili jimbo likope dola bilioni 3 kwa hati fungani na kuendesha utafiti huo lenyewe. Ndipo ikazaliwa CIRM, taasisi ya jimbo ya tiba ya seli. Ruzuku zake za kwanza, zilizolipwa Aprili 2006, hazikujenga jengo wala kununua mashine. Zilikwenda kwenye mafunzo, katika taasisi 16. Wakati huo kesi mahakamani zilikuwa zimezuia hati fungani kuuzwa, kwa hiyo fedha zilitoka kwa wahisani waliokubali kulipwa iwapo tu jimbo lingeshinda. Mwaka 2020 wapiga kura waliongeza dola bilioni 5.5.

Wengi hukosea mlango hapa. Kwa nafasi hizi za mafunzo, mwombaji haandiki kwa CIRM. Vyuo vya California ndivyo vinavyoshindania ruzuku, kisha kila chuo huchagua watu wake: wanafunzi wa uzamivu, watafiti waliokwisha kuupata, na madaktari wanaotaka kufanya utafiti. Barua yako ya kwanza ni kwa msimamizi wa mpango chuoni, na ni vizuri uwe tayari na mkuu wa maabara aliyekubali kukupokea. Ukichaguliwa, utasoma kozi ya baiolojia ya seli shina na nyingine ya maadili, sheria na jamii. Hii ya pili si pambo, kwa kuwa fedha zilipatikana kwa kura.

Fedha za mafunzo za serikali kuu, zile zinazoitwa NRSA, zina sharti kali zaidi: uwe raia wa Marekani au mkazi wa kudumu. Mtanzania au Mkenya mwenye viza ya masomo hana haja ya kupoteza usiku wake hapo. Hata anayestahili, kama tayari ana uzamivu, mwaka wake wa kwanza humwachia deni la utumishi, ambalo hulilipa kwa kuendelea na mafunzo au kazi ya utafiti.

Umoja wa Ulaya hupima kwa kipimo kingine kabisa. Katika miito ya 2021 hadi 2024 ya ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie, uraia haukuwa kikwazo kwa aliyetaka kwenda kufanya utafiti Ulaya. Ilitakiwa uwe na uzamivu, usizidi miaka minane ya utafiti tangu uupate, na usiwe umeishi nchi ya taasisi mwenyeji zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 iliyotangulia tarehe ya mwisho. Aliyekuwa Kampala au Dar es Salaam muda wote huo, sharti hili la mwisho lilimbeba. Muda wa likizo ya uzazi haukuhesabiwa katika ile minane.

Kuhusu fedha zenyewe, usiangalie posho peke yake. Seli shina za viinitete vya binadamu ni walaji: kwa kawaida hubadilishiwa chakula chao cha maji kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo, na chupa moja ya chakula hicho ni ghali. Zikisahauliwa, huanza kubadilika na kuwa seli za aina nyingine, na kazi ya wiki kadhaa huishia kwenye pipa. Ufadhili unaokulipa wewe bila fungu la vifaa unakuacha mikononi mwa bajeti ya mkuu wa maabara. Muulize kabla ya kutia saini: chakula cha seli kinanunuliwa kwa ruzuku gani, na ruzuku hiyo inakwisha lini? Kama inakwisha kabla ya mkataba wako, tafuta maabara nyingine.