Mfinyanzi, Kivuli na Masale ya Mama

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Usemi huo ni wa kweli kwa mtu anayefinyanga chungu. Lakini kwa mtu anayetaka kupanda bustani kando ya nyumba yake, kwenye udongo wa mfinyanzi, ni usemi wa kumtia hasara. Mimi umenitia hasara, na kwa kuwa wengi wetu siku hizi tunajenga mahali ambapo zamani palikuwa mbuga au jaruba la mpunga, nimeona leo nieleze yaliyonipata.

Nimezaliwa mlimani, kwenye kihamba, na sasa naishi uwandani, chini ya mji wa Moshi. Kwa daladala si mwendo mrefu, lakini kwa udongo ni nchi mbili. Kule juu udongo umetokana na mawe na majivu ya volkano ya Kilimanjaro. Ni mwepesi, unapukutika mkononi, na mvua ikinyesha unainywa. Huku kwangu ni mfinyanzi mweusi. Wakati wa masika unang'ang'ania kiatu mpaka mguu unatoka peke yake. Wakati wa kiangazi unapasuka nyufa ambazo mkono unaingia.

Upande wa mashariki wa nyumba kuna ukanda wa ardhi, mita kumi kwa mita tatu hivi, ambao ni kivuli sehemu kubwa ya siku. Ukuta unazuia jua la mchana, na mwembe wa jirani umeinamia pembeni. Palikuwa hapaoti kitu ila magugu. Mama alipofariki, nikasema pale nitapanda masale kutoka kwenye ua wake.

Kwa wasiojua, sale kwetu Wachagga si ua la mapambo tu. Ndilo linaloonyesha mpaka wa kihamba. Ndilo mtu analoshika anapokwenda kumwomba mwenzake msamaha. Tena ni mmea uliozoea kivuli, kwa kuwa huota chini ya migomba na miti mikubwa. Kwa hiyo nilidhani kazi itakuwa rahisi.

Nilifanya kama tunavyofanya mlimani. Nilingoja mvua za masika zilainishe ardhi, nikachimba mashimo ya kina cha goti, nikayajaza udongo mzuri nilioutoa nyumbani kwa magunia, nikapanda vipande kumi. Mpaka mwezi wa sita vyote vilikuwa vimeoza. Nilivyoving'oa vilitoa harufu ya bwawa.

Nilimweleza bibi mmoja jirani, mkulima wa mpunga wa miaka mingi. Baada ya kumwamkia, nikamwonyesha mashimo yangu. Alicheka. Akaniambia, "Mwanangu, hukuchimba mashimo, umechimba ndoo. Sisi tunataka maji yasimame, ndiyo maana tunaupenda udongo huu. Wewe hutaki yasimame, halafu unayatengenezea nyumba."

Nimesoma baadaye na nimeona kwamba maneno yake ndiyo elimu yenyewe. Chembe ya mchanga inaweza kufikia milimita 2 kwa upana. Chembe ya mfinyanzi haifikii hata milimita 0.002. Chembe ndogo namna hiyo hulaliana kama kurasa za kitabu, na nafasi iliyobaki kati yake ni finyu mno. Maji yakishaingia hayatoki upesi, na hewa haina pa kupita. Mizizi nayo inahitaji hewa. Mmea uliosimama ndani ya mfinyanzi uliojaa maji haufi kwa kiu wala kwa njaa, unafa kwa kukosa pumzi. Na ukichimba shimo ukalijaza udongo mwepesi, maji ya eneo lote linalozunguka hukimbilia humo, kisha hayana njia ya kutokea.

Kosa langu la pili lilikuwa kuchimba udongo ukiwa maji. Jembe linapopita kwenye mfinyanzi ulioloa linaukandika kama fundi anavyolainisha plasta. Ukikauka, ukuta wa shimo unakuwa tofali. Kuna na kosa la tatu, ambalo nilinusurika kulifanya: kumwaga mchanga ili "kuulegeza" udongo. Mafundi wetu wa tofali huchanganya nini na nini? Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi mwingi haulegezi kitu.

Lakini, ndugu msikilizaji, tusiutukane udongo huu. Mfinyanzi hushika rutuba ambayo kwenye mchanga ingesombwa na mvua, na hutunza unyevu wakati majirani wenye kichanga wanabeba ndoo. Hauna umaskini. Unachokosa ni hewa, na hewa hiyo inaletwa na vitu vilivyooza.

Nilirudi kwa kaka kumwomba masale mengine. Akaniambia, "Mdogo wangu, chukua sasa hivi. Mwezi wa kumi fundi anaanza kujenga ukuta wa matofali, na ua wote unang'olewa." Sikumlaumu, kihamba ni chake na wezi wa ndizi wamemchosha. Lakini nilijua hivyo vipande kumi na viwili nilivyokata vikioza, ua wa mama umekwisha duniani.

Safari hii sikuvipeleka ardhini moja kwa moja. Nilivipanda kwenye viriba vyenye udongo wa mlimani, nikaviweka kivulini vitoe mizizi, nami nikaanza kuandaa mahali.

Kwanza niliupima udongo. Chukua donge lenye unyevu, lisokote liwe kama penseli, kisha ulikunje kuwa pete. Pete isipokatika, una mfinyanzi mzito. Pia chimba shimo la sentimita 30, jaza maji, yaache yaishe, kisha jaza tena. Ukikuta kesho yake maji bado yamesimama, usipande chini. Panda juu.

Ndivyo nilivyofanya. Niliinua tuta la sentimita 30 juu ya ardhi, kwa udongo wa pale pale uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri na mboji. Juu yake nikatandaza majani makavu ya migomba na pumba za mpunga, ambazo huku hazina uhaba. Sikuchimbia matandazo hayo ndani. Kazi hiyo niliwaachia nyungunyungu, ambao huyavuta chini polepole na kuacha vijitobo vya kupitisha hewa na maji. Hii si siri ya wataalamu. Kihamba chote kimeishi hivyo kwa vizazi: miti juu, migomba chini yake, kahawa, kisha magimbi, na majani yanayoanguka hayafagiliwi.

Pili, usiegemeze tuta kwenye ukuta. Mfinyanzi huvimba ukiloa na kunywea ukikauka, na msingi wa nyumba hausahau. Niliacha nafasi ya nusu mita na kuweka mtaro mdogo unaopeleka maji mbali. Upande wa mwembe nilikuwa mwangalifu pia. Kuifukia mizizi ya mti kwa udongo mwingi ni kuunyima hewa mti wenyewe. Hapo niliweka majani tu, kiasi cha vidole vinne.

Tatu, kijue kivuli chako. Sisi tulio karibu na ikweta hatuna ukuta wenye kivuli mwaka mzima kama walivyo watu wa Ulaya. Hapa Moshi, kuanzia mwanzoni mwa Oktoba hadi karibu katikati ya Machi, jua la adhuhuri liko upande wa kusini. Miezi inayobaki liko kaskazini. Mahali penye kivuli mwezi wa sita panaweza kuungua mwezi wa kumi na mbili. Upande wa mashariki ndio salama zaidi, kwa sababu hupata jua pole la asubuhi na kuepuka lile kali la alasiri.

Nne, kila mmea na pake. Magimbi niliyaweka chini, ukingoni, ambapo maji hukusanyika, kwani hayo hupenda tope. Masale niliyapandisha juu ya tuta. Karibu na mwembe, ambapo mizizi yake inanyonya unyevu wote wakati wa kiangazi, nikaweka mkonge pori, ambao huvumilia kivuli na ukame.

Na mwisho, wakati. Nilipanda mwezi wa kumi na moja, baada ya mvua za kwanza za vuli, wala si katikati ya masika. Kila mara kabla ya kugusa jembe nilifumbata udongo kiganjani. Ukinata, niliuacha. Ukiwa jiwe, niliuacha. Ukifumbata vizuri na ukivunjika kwa kuguswa na kidole, hapo nilifanya kazi, nikiwa nimesimama juu ya ubao ili nisiushindilie kwa miguu.

Masika yamekuja na kupita. Katika vipande vile kumi na viwili, vitatu vimekufa, vyote vya mwisho wa tuta ambako nilichoka na kuinua pungufu. Tisa vimesimama na vinatoa majani. Wiki iliyopita kaka alikuja kunitembelea, akayatazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Alipoondoka aliniomba vipande viwili vitakapokuwa vikubwa, akavipande mbele ya ule ukuta wake.

Ndugu msikilizaji, kama una mfinyanzi nyumbani, usiusubiri ulowe ndipo uushambulie. Anza sasa kukusanya majani na samadi, maana vuli haiko mbali.