NGURUWE WANAOZURURA: HASARA KWA MFUGAJI NA KWA WANYAMAPORI

Katika vijiji vingi vya Mbeya na Iringa imekuwa desturi nguruwe kufungwa wakati wa kilimo na kufunguliwa baada ya mavuno wajitafutie chakula. Desturi hiyo humpunguzia mfugaji gharama ya pumba, lakini hasara yake huwaangukia wanakijiji wote.

Ifahamike kwanza kwamba nguruwe pori na ngiri ni wanyama wa asili wa nchi hii; mgeni ni nguruwe wa kufugwa. Huko Marekani na Australia nguruwe walioachwa huru walizaliana porini, na sasa hufukua mimea ya asili na kula mayai ya kasa na ya ndege watagao ardhini. Katika Nyanda za Juu Kusini hatari iliyo karibu zaidi ni maradhi.

Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921. Ngiri hubeba virusi vyake bila kuugua, na papasi waishio mashimoni mwa ngiri huvieneza. Nguruwe wa kufugwa akiambukizwa hupata homa kali, na mara nyingi hufa baada ya siku chache. Dawa ya kumponya hakuna. Mwaka 2010 ugonjwa ulizuka Kyela, na mwaka 2011 Dar es Salaam. Binadamu haambukizwi.

Lakini minyoo ya tegu humdhuru binadamu. Nguruwe anayezurura hula kinyesi chenye mayai ya tegu. Mtu alaye nyama yake isiyoiva vizuri hupata mnyoo, na mayai ya mnyoo huo yakimezwa na mtu yanaweza kuleta kifafa.

Tena, shamba likifukuliwa, lawama hupewa nguruwe pori na mitego ya nyaya hutegwa. Mitego haichagui. Katika misitu ya Rungwe hunasa hata minde, mnyama apatikanaye Tanzania peke yake.

Kwa hiyo wanachama wanashauriwa:

(a) kufuga nguruwe bandani mwaka mzima;
(b) kuchemsha mabaki ya chakula kabla ya kuwalisha;
(c) kujenga na kutumia vyoo;
(d) kutouza wala kusafirisha nguruwe mgonjwa au nyama yake, bali kumwarifu Afisa Mifugo mara moja;
(e) kutotega wanyamapori bila kibali, kwani Sheria ya mwaka 2009 inakataza.

Makatibu walifikishe jambo hili kwenye mikutano ya vyama. Banda la mwanachama mmoja halitoshi iwapo nguruwe wa jirani yake bado wanazurura.